Siku Nane za Mukunde

Melchior Gatera,
Mwandishi wa Barua na Maombi,
Gikondo, Kigali.
19 Januari 2025

Mpwa wangu Kaliza,

YAH: HALI YA MAMA YAKO, MUKUNDE, NA TIBA INAYOKUSUDIWA

Kabla ya kuingia katika kiini cha barua hii, natanguliza salamu za watu wote wa nyumba hii, nikitumaini kwamba zitakukuta mzima huko Tabora na kwamba masomo yako ya uuguzi yanasonga bila kikwazo. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako Épiphanie anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake ni mzima. Juzi alinikuta nikiandika rasimu ya malalamiko kuhusu mbwa wa jirani, akasema, "Wewe Melchior, hata mbinguni utamwomba Mungu agonge muhuri kwanza ndipo uingie." Meza yangu iko palepale mbele ya duka la fotokopi, na wateja hawajapungua.

Baada ya salamu hizo, naomba kukuarifu yafuatayo.

Kama ujuavyo, mama yako ni mchambuzi wa buni katika ghala la hapa Gikondo kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na jicho lake lilikuwa likisifiwa kuliko yote. Kazi hiyo ni ya kutafuta kilichoharibika: punje nyeusi, punje iliyovunjika, punje iliyotobolewa na mdudu. Tangu Septemba, fungu la mbovu mbele yake lilianza kukua. Mwenzake wa mezani, Pudentienne, alinieleza hivi, nami nanukuu bila kusahihisha: "Mzee, Mukunde iko anatupa zote. Namwambia hii ni nzima, ananionyesha kadoa. Mimi siona kitu, yeye iko anaona." Ilipofika Desemba, kufikia saa sita mchana fungu la nzuri halikuwa na kitu. Msimamizi alimwomba apumzike nyumbani. Tangu siku hiyo amelala akitazama ukuta.

Amemeza vidonge vya aina mbili kwa miezi mitano, navyo havikumsaidia. Sasa amepokewa katika utafiti kwenye kliniki moja kule Rebero. Dawa inaitwa ketamini, ileile ya usingizi wa upasuaji, ila kwa kipimo kidogo, kwa dripu, kwa muda wa dakika arobaini. Wanadai kwamba hufanya kazi kwa saa, si kwa majuma. Wanachopima si huzuni peke yake, bali pia jicho la mgonjwa: linaelekea wapi na linakaa hapo kwa muda gani.

Nilikuwepo walipompima. Kwenye kompyuta huonyeshwa nyuso mbili, mmoja wenye huzuni na mwingine uliotulia. Zikiondoka, nyota ndogo hutokea mahali pa mojawapo, na mgonjwa hubonyeza kitufe cha upande huo. Nyota ilipotokea penye huzuni, mama yako alibonyeza papo hapo. Ilipotokea upande wa pili alichelewa kila mara, kana kwamba ilimbidi arudi kutoka mbali. Daktari Phiona, mama mpole aliyekulia Uganda, aliniambia, "Mzee, jicho yake inashikwa pale. Haitoki."

Dripu imepangwa tarehe 4 Februari. Barua hii naituma kwa basi kama ilivyo desturi yangu, kwa kuwa jambo zito haliandikwi kwa simu.

Ni mimi, mjomba wako anayekutakia kila la heri,
Melchior Gatera

*

Tabora, 30 Januari 2025

Mjomba mpendwa, shikamoo.

YAH: MPWA ANAYECHEKWA NA WENZAKE KWA SABABU YA YAH

Wenzangu chumbani wanaijua bahasha yako kabla sijaifungua. Mmoja aliuliza kama mjomba wangu ni mahakama. Nami ni mzima, nakula, nasoma. Bibi huko Karagwe anawasalimu, ingawa macho yake yamezidi kufifia. Nifikishie shikamoo kwa Mama Épiphanie na umwambie aloweke goti kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asilikande kwa nguvu.

Nimesoma habari za mama mara tatu. Ketamini naifahamu, tunaiona chumba cha upasuaji. Nilimuuliza mwalimu wetu kuhusu kuitumia kwa huzuni kubwa. Alisema inaweza kumwinua mtu ndani ya siku moja, na inaweza kumwacha ndani ya juma moja. Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, umuulize Daktari Phiona swali hili kabla ya dripu: dawa ikimwacha, nini kinafuata? Usikubali jibu la jumlajumla.

Mama bado hunipigia simu Jumapili. Napokea, nasema "Mama, Mama," nasikia pumzi tu, kisha inakatika. Nikirudi darasani Jumatatu siandiki kitu.

Wako katika masomo na mawazo,
Kaliza

*

Gikondo, Kigali.
9 Februari 2025

Mpwa wangu Kaliza,

YAH: TAARIFA YA MATOKEO YA TIBA

Salamu nyingi kwako, na kwa Bibi utakapomwandikia. Goti la Épiphanie limepokea chumvi na linakushukuru. Yule mbwa amefungwa kamba kufuatia barua yangu ya pili.

Baada ya salamu hizo, nakuarifu kwa furaha nisiyojua namna ya kuipanga kwa aya.

Dripu ilifanyika Jumanne. Katika dakika zile arobaini mama yako alisema mikono yake imekwenda mbali na kwamba dari inapumua. Daktari Phiona alimshika kiganja hadi ikapita. Alirudi nyumbani akalala. Jumatano asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni. Épiphanie alikuwa akianika nguo. Mama yako akamtazama kiunoni, akasema, "Épiphanie, kitenge yako iko na ndege. Zilikuwaga hapo?"

Kitenge hicho kina miaka sita, Kaliza. Épiphanie aliacha ndoo, akaja kuketi naye, akamwonyesha ndege mmoja mmoja.

Alasiri hiyo walimpima tena Rebero. Nyota ilipotokea upande wa uso uliotulia, alibonyeza bila kuchelewa. Nilihesabu, kwa kuwa mimi huhesabu. Daktari alitabasamu akasema jicho limefunguliwa. Ijumaa alirudi ghalani kwa idhini ya msimamizi. Pudentienne alipiga kelele hadi wachambuzi wote wakasimama: "Mukunde amerudi, leo sitafanya kazi ya watu wawili!" Naye alichambua hadi jioni, fungu lake likiwa sawa na zamani. Aliniambia njiani, "Kaka, nilikuwa naona doa tu. Leo naona punje nzima."

Ananiambia pia kwamba alikupigia simu Jumatano, na Alhamisi, na jana, wala hakukupata. Nadhani ni mtandao.

Kuhusu swali lako: yupo mwenye kuliamua, nayo ni kamati. Wagonjwa ambao ugonjwa utawarudia wanaweza kuomba kuendelezwa kwa dripu nyingine. Nafasi ni chache. Mgonjwa anatakiwa kuandika barua kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yoyote kati ya nne rasmi za hapa. Ukikumbuka kazi ya mjomba wako, utakubali kwamba upande huo tumejaaliwa.

Ni mimi niliyejaa shukrani,
Melchior Gatera

*

Tabora, 22 Februari 2025

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Nimefurahi sana. Nimeisoma habari ya ndege hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mwambie mama kwamba mtandao wa huku ni mbaya, hasa katikati ya juma.

Nilimpigia juzi, simu yake imezimwa. Je, iko sawa? Ametoa simu kutengenezwa? Nijibu upesi hata kwa ujumbe mfupi, Mjomba, hata kama kwako si maandishi.

Tuna mitihani midogo. Sina mengi.

Kaliza

*

Gikondo, Kigali.
14 Machi 2025

Mpwa wangu Kaliza,

YAH: MABADILIKO YA HALI NA HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Natumaini kwamba mitihani yako ilikwenda salama. Hapa mvua zimeanza, na njia ya kushukia ghalani imekuwa utelezi mtupu. Épiphanie anakusalimu. Aliniomba nikuandikie mapema zaidi, nami nakiri kwamba nimechelewa. Meza yangu ilikuwa na kazi nyingi.

Naomba uipokee habari hii ukiwa umeketi. Asubuhi ya tarehe 13 Februari mama yako hakuamka. Alikuwa macho. Nilipomsemesha aligeuka ukutani. Ukuta huo una tundu la msumari ambapo zamani ilikuwepo kalenda; hapo ndipo jicho lake lilipo. Épiphanie alivaa kitenge chake cha ndege kwa siku nne mfululizo akipita mbele yake, na siku ya nne alikivua, akakikunja, akakiweka chini ya sanduku.

Nimehesabu. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 12, ni siku nane.

Ghalani wamemwekea nafasi hadi mwisho wa Machi. Pudentienne huja kila Jumapili, hukaa, huondoka. Mara ya mwisho alinong'ona mlangoni, "Mzee, afadhali nisingemwona vile. Sasa najua iko nani mule ndani."

Kuhusu hatua: ombi la kuendelezwa liliwasilishwa kwa kamati tarehe 20 Februari, likiwa limeandikwa kwa uangalifu wote unaostahili. Shauri hilo liko katika ngazi zinazohusika. Simu ya mama yako si mbovu, ameizima.

Ni mimi,
Melchior Gatera

*

Tabora, 24 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Sina salamu ndefu, nisamehe. Bibi mzima. Mimi mzima.

Tangu nikiwa darasa la tano hujawahi kuniandikia habari ya ombi bila kuambatanisha nakala. Nina nakala ya barua ya mbwa, ya kwanza na ya pili. Nina nakala ya barua uliyomwandikia fundi wa Gisozi kwa sababu ya kitanda kilichokuja na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Hii ya mama, iko wapi?

Na "ngazi zinazohusika" ni nini? Kamati ina watu. Wamejibu au hawajajibu? Nilimpigia Mama Épiphanie. Alisema, "Muulize mjomba wako," akakata. Hajawahi kunikatia simu.

Mjomba, kama wamekataa, mara nyingi huwa kuna muda wa kuweka pingamizi. Mwalimu wangu anasema kamati za utafiti huandika muda huo ndani ya jibu lenyewe. Tafadhali litazame. Hata kama ni siku chache zimebaki, nenda Rebero kwa miguu yako, usiandike, sema.

Wako,
Kaliza

*

Gikondo, Kigali.
6 Aprili 2025

Mpwa wangu Kaliza,

YAH: KUPOKELEWA KWA BARUA YAKO

Barua yako ya tarehe 24 Machi ilinifikia jana, karani wa mizigo akiwa ameisahau ndani ya gunia la viatu. Kesho tunaingia juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari. Ofisi zitafungwa, nasi tutakaa na majirani kama ilivyo ada. Mama yako hatatoka.

Nakala zote za ofisi yangu zimehifadhiwa ipasavyo. Nakushukuru kwa ushauri wako kuhusu pingamizi, ambao umezingatiwa.

Ni mimi,
Melchior Gatera

*

Tabora, 20 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako ya mistari sita, nami nimeona kwamba sisi wawili tunafanana. Kwa hiyo nitaanza mimi.

Mtandao wa hapa si mbaya. Mama aliponipigia Jumatano ile nilikuwa maabara, simu iko mfukoni mwa koti. Niliona jina lake. Nikawaza ile pumzi. Nikawaza nitarudi mezani nishindwe kuhesabu matone. Nikaiacha ilie hadi ikanyamaza. Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya chakula, sikuwa na kazi yoyote. Niliigeuza simu kifudifudi. Jumamosi nilikuwa kitandani nimelala tu. Mara zote tatu niliona, Mjomba. Sikujua kwamba safari hii kulikuwa na mtu ndani ya simu. Barua yako ya ndege ilipofika, zile siku nane zilikuwa zimekwisha.

Sijamwambia mtu. Darasani wananifundisha kumsikiliza mgonjwa, na napata alama nzuri.

Sasa wewe. Sitaki "umezingatiwa". Nataka nakala.

Kaliza

*

Gikondo, Kigali.
11 Mei 2025

Mpwa wangu Kaliza,

YAH: NAKALA ULIYOIOMBA

Salamu. Épiphanie anakusalimu, ni yeye aliyeniambia kwamba nisipoandika leo atapanda basi aje akuambie mwenyewe, na goti lake lile.

Naambatanisha nakala tatu. Naomba uzisome kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni karatasi ya daftari aliyoiandika mama yako tarehe 19 Februari, akiwa kitandani, daftari likiegemea goti. Ilimchukua asubuhi nzima. Inasema: "Mimi ni Mukunde. Siku munane nilikuwa naona. Sasa sioni tena. Munipe tena." Hakuna zaidi ya hayo.

Nilipoisoma niliona aibu, Kaliza. Niliona kwamba dada yangu hawezi kusimama mbele ya wasomi na neno "munipe" kama anayedai chumvi kwa jirani, bila salamu, bila shukrani, bila jina la anayeandikiwa. Nilimwambia nitaisafisha. Hakujibu. Nilichukulia kwamba amekubali.

Ya pili ni niliyoisafisha, kurasa tatu. Mimi nilijifunza kuandika Karagwe, kwa kunakili barua za ofisi zilizobandikwa ukutani, na nilijifunza kwamba ombi huanza kwa kumshukuru mkubwa kwa alichokwisha kutenda. Niliandika hivi: "Kwa juhudi zenu zisizo kifani, mgonjwa amerejea katika afya timilifu na sasa ni mwenye furaha kazini na nyumbani." Ombi lenyewe liko ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka chini: "Endapo itawapendeza, asisahauliwe katika fadhila zijazo." Mama yako alitia sahihi bila kusoma.

Yapo mengine mawili. Tarehe 18 Februari alitakiwa kupimwa jicho mara ya mwisho, naye hakuweza kusimama. Ili kumsitiri, niliwaandikia kliniki kwamba hakufika "kwa sababu ya majukumu yake ya kikazi". Na siku hiyohiyo Daktari Phiona alinipigia simu kuuliza hali. Nilijibu, "Njema, Daktari, tunashukuru sana." Ndivyo tunavyojibu. Mtu anakuuliza hali, unasema njema, kisha ndipo unaeleza. Yeye alimshukuru Mungu, "Imana ishimwe, Mzee," kwa furaha kabisa, akaaga. Sikupata mahali pa kuelezea.

Ya tatu ni jibu la kamati la tarehe 3 Machi. Wanampongeza mama yako kwa kupona. Wanaeleza kwamba nafasi yake imepewa mgonjwa ambaye ugonjwa umemrudia. Wanasema mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini.

Jibu hilo lilikaa katika mtoto wa meza yangu siku zote thelathini. Kila asubuhi nilifungua mtoto huo kuchukua kalamu. Nilijiambia kwamba naandaa pingamizi lililo bora. Ukweli ni kwamba ili kuandika pingamizi ilinibidi niseme kwamba barua iliyotangulia ilikuwa ya uongo, na kwamba mwandishi wake ni mimi, ninayeandikia watu wa Gikondo kwa miaka ishirini na miwili. Muda uliisha tarehe 2 Aprili. Ushauri wako ulifika tarehe 5.

Baada ya juma la maombolezo nilikwenda Rebero kwa miguu yangu, nikasema. Daktari Phiona alilitoa jalada, akalifungua mbele yangu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema, "Mzee Melchior, hapa imeandikwa amepona. Mimi ningefanya nini?" Nikamwuliza kama lolote linawezekana. Utafiti umefungwa. Dripu haitolewi tena. Amemwandikia vidonge vya aina ya tatu, akasema tuvijaribu kwa majuma manane. Kisha akanipa karatasi ya mgonjwa wa nje nijaze, nami nikamrudishia aijaze mwenyewe.

Ghalani wamempa mwingine kiti. Sina ombi katika barua hii.

Melchior Gatera

*

Tabora, 25 Mei 2025

Mjomba,

Nilitaka kukuandikia mabaya. Niliandika kurasa mbili nikazichana, si kwa huruma, ila kwa kuwa kila nilichokuambia wewe kilikuwa kinanigeukia mimi na simu yangu.

Ile karatasi ya daftari nimeibandika juu ya kitanda. Ni barua nzuri, Mjomba. Ina kila kitu. Ungeipeleka vile ilivyo.

Mitihani inaisha tarehe 27 Juni, nitapanda basi la kesho yake. Kabla sijaja nakuomba jambo moja. Kaa karibu na mama umuulize: zile siku tatu aliponipigia, alitaka kuniambia nini? Nataka maneno yake. Usisafishe. Akisema kwa Kinyarwanda, andika kwa Kinyarwanda. Akitukana, andika tusi.

Kaliza

*

Gikondo, 8 Juni 2025

Kaliza,

Nilikaa naye kama ulivyoagiza. Nilichukua kigoda nikakiweka upande wa ukuta, ili akitazama lile tundu anione nami.

Siku ya kwanza nilimuuliza, akaendelea kutazama ukuta. Siku ya pili nilimuuliza, akafumba macho. Vidonge anameza. Chakula anakula kidogo akilishwa na Épiphanie, ambaye sasa hamtanii mtu. Jana nilimuuliza tena: "Mukunde, Kaliza anauliza, ulipompigia Februari ulitaka kumwambia nini?"

Safari hii alinitazama. Macho yake yalihama kutoka ukutani hadi usoni pangu polepole sana, nikaona anavyotafuta. Alitafuta kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nakiri kwamba katika kungoja kule nilikwisha kuwa na majibu matatu, yote mazuri, na lolote kati yake ungeliamini na ungelihifadhi maisha yako yote. Mojawapo lilikuwa kuhusu wale ndege.

Kisha alisema, nami nimeandika:

"Sikumbuki."

Akageukia ukuta.

Ni hilo tu. Sikuongeza neno.

Mjomba